Mkono wa Nyuma wa Pikipiki ya Munganga Feruzi

Kwa Mwamini, mwanangu, na mama yangu kwa jina,

Ninapoandika haya wewe na mama yako mko mitaani mnaaga jamaa, na najua hamtarudi mapema, maana kila nyumba itataka mkae na mle. Nimefunga nusu ya mlango wa karakana ili watu wajue nipo lakini wasiingie. Nimefuta mafuta kwenye benchi, nikatandika gazeti kuukuu, na bado nimeacha alama ya kidole hapo juu pembeni. Usinicheke. Mikono hii imezoea spana kuliko kalamu.

Kesho alfajiri lori litakuchukua mpaka kwenye kivuko, utavuka Lualaba, na huko Samba utapanda treni ya Kindu. Mambo ya nguo na chakula, na ya kutotembea peke yako giza likiingia, mama yako amekwambia wiki nzima, na shangazi zako wamerudia mpaka nimekuona unaitikia huku umesinzia. Mimi huko sigusi. Nina jambo moja ambalo ni langu mwenyewe. Nimekaa nalo miaka kumi, na sitaki uondoke hujalijua, kwa sababu unakwenda kujifunza ukunga, na mtu aliyekutia hamu ya kazi hiyo ni Munganga Feruzi.

Unampenda Feruzi kama baba yako mdogo. Ulipokuwa mtoto ulikuwa unamfuata nyuma uani ukiiga anavyochechemea, mama yako akikukaripia, naye Feruzi akimwambia, "Mwache, ananisaidia kutembea." Siku moja ulimuuliza mguu huo ulifanya nini. Nilikuwa hapo. Alikujibu, "Barabara ya Salamabila ilinila mguu." Halafu akaniomba maji ya kunywa. Nilikwenda kuchota maji hayo nikakawia mtungini kuliko ilivyohitajika.

Alisema kweli, ila jina langu aliliacha nje.

Wewe unaijua hadithi ya ile pikipiki kama kila mtu wa Kasongo anavyoijua. Fundi Amisi alikuwa wa kwanza hapa kukata pikipiki ya zamani na kuipa springi nyuma. Umenisikia nikiisimulia harusini na msibani, hata kwa wageni waliokuja kuuliza njia tu. Ninaisimulia vizuri. Sasa nitakupa na kile kipande ninachokirukaga.

Feruzi alikuwa muuguzi wa zahanati ya Kabambare. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini na dawa, na kwa kazi hiyo walimpa pikipiki ya silinda moja, ya kabla ya vita, ambayo Mzungu mmoja wa machimbo aliiacha aliporudi kwao. Pikipiki za namna ile zilikuwa na gurudumu la nyuma lililokazwa moja kwa moja kwenye kadre, yaani ile mifupa ya chuma inayobeba kila kitu. Springi zilikuwa chini ya kiti tu. Mpandaji alipata nafuu kidogo, lakini mzigo uliofungwa nyuma ulipigwa na kila shimo na kila mzizi.

Alikuja hapa karakanani siku ya soko, amejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Akafungua sanduku lake la dawa mbele yangu. Ndani mlikuwa na vigae vya chupa na majani makavu yaliyolowa.

"Fundi, hii pikipiki iko nachinja chupa zangu," akasema. "Naondoka Kabambare na chupa ishirini, nafika kwa wagonjwa na kumi. Juzi mutu mumoja amenilalia mikononi na homa, na dawa yake imemwagika njiani."

"Unataka nini?"

"Nataka nyuma yake iwe laini. Wanasema wewe unaweza kila kitu."

Hayo maneno ya mwisho, mwanangu, ndiyo yaliyoniingia. Ya mgonjwa niliyasikia, lakini ya mwisho ndiyo yaliyoniingia.

Nilikuwa na picha moja kwenye gazeti lililofungiwa vipuri kutoka Ulaya. Ilikuwa pikipiki mpya, na gurudumu lake la nyuma lilishikwa na mkono mrefu wa chuma wenye pande mbili. Mbele mkono umetiwa bolti nene chini ya kiti, ukawa unapanda na kushuka kama mlango unavyocheza kwenye bawaba, na kila upande springi imesimama kuuzuia. Nilikuwa nimeibandika ukutani. Niliitazama picha ile usiku na mchana kama mtu anavyotazama mchumba, na sikuwa nimepata wa kunipa ruhusa. Feruzi akanipa.

Tukaweka pikipiki juu ya magogo. Nikakata sehemu yote ya nyuma kwa msumeno wa chuma, na mwenye karakana, yule Mgiriki, alipita akatikisa kichwa akaenda zake. Mkono nikautengeneza kwa mabomba ya lori lililopinduka. Springi nne nzito nilipewa na rafiki yangu wa machimbo ya Salamabila, zilitoka kwenye mashine iliyokufa. Bushi, zile pete ambamo bolti ya mkono inazunguka, nilichonga kwa shaba. Nilifanya kazi ile kwa furaha, sitakuficha. Nilikuwa naimba.

Juma hilo mjomba wako Kitoko, kaka wa mama yako, alikuwa kwetu. Alikuwa ameleta sokoni majembe aliyoyafua kwake Kabambare. Unamjua alivyo, mdogo kwangu kwa umri, mdomo mwepesi, na chuma anakijua kwa kukisikiliza kinavyolia. Siku ya Alhamisi alikuja akanikuta nawasha gesi ya karabidi nichomelee kile kipande cha chuma cha kumimina chini ya kiti, pale ambapo mabomba yote yanakutana. Ndipo mkono mpya ungeshikwa. Akangoja mpaka nilipozima moto.

"Shemeji," akasema, "chuma cha namna hii kikishikwa na moto hivyo, usikiache kwenye upepo. Kifukie ndani ya majivu ya moto, kipoe polepole mpaka kesho jioni."

"Kesho ni Ijumaa. Nimewaambia watu nitaipanda baada ya sala."

"Waambie Jumamosi."

"Hii si jembe, shemeji," nikamwambia.

Palikuwa na watu watatu wanasikiliza, nao wakacheka. Kitoko hakucheka. Aliuliza jambo moja tu, kwa sauti ndogo: "Na springi zikianza kuruka, nani atazituliza?" Alifunga majembe yake, na kesho yake asubuhi akarudi Kabambare kwa baiskeli bila kula. Mama yako aliniuliza nimemfanya nini kaka yake. Nikasema sijui.

Mimi nilikuwa nimemwagia kile chuma maji ya ndoo ili kipoe haraka.

Ijumaa asubuhi, nikikisafisha kwa tupa, nikaona mstari. Ulikuwa mwembamba kama unywele, hauzidi urefu wa ukucha wangu wa dole gumba. Nikaufuta kwa kitambaa nikidhani ni masizi. Haukufutika. Nilikaa chini. Nilisikia watu wanapita kwenda kuoga kwa ajili ya sala, wengine wanaita, "Fundi, leo ndiyo leo." Nikachukua tupa nikausugua mpaka ukapotea machoni. Halafu nikachukua rangi nyeusi nikapaka, mara mbili.

Baada ya sala watu walijaa barabarani. Nikapanda, nikazunguka soko, nikapita kwenye mashimo makusudi. Nyuma ikapanda ikashuka, na watu wakapiga kelele kama wameona ajabu. Iliruka zaidi ya inavyotakiwa, kama Kitoko alivyosema, lakini nani alijua? Feruzi alikuwa anacheka peke yake.

Na wewe ulikuwapo. Ulikuwa na miaka saba, umevaa gauni la njano lililokuwa la binamu yako. Ulikuja mbio ukashika tanki, ukasema, "Baba, nipandishe." Nikasema hapana. Ukasema tena. Watu wakaniambia, "Mpandishe mutoto, fundi, ni siku yako." Nikasema bomba la moshi litakuchoma. Ukalia mpaka ukaishiwa pumzi, mama yako akakubeba. Miaka mingi umenilaumu kwa mzaha kwa siku ile. Unasema kila mtoto wa mtaa alishika pikipiki ila mtoto wa fundi.

Bomba la moshi halikuwa sababu. Sikuweza kukukalisha wewe juu ya chuma kile. Dakika ishirini baadaye nikampa Feruzi ufunguo, na Feruzi naye ni mtoto wa mtu. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili akaniombea dua.

Siku ya nne habari zikafika. Feruzi alikuwa anashuka kilima cha mto mdogo kwenye barabara ya Salamabila, pale penye daraja la magogo. Chuma kilikatika. Mkono wa nyuma ukatoka, gurudumu likalala, akaangukia mawe. Mguu wa kushoto ulivunjika mara mbili. Wanakijiji walimbeba kwa kipoyi, ile machela ya miti, mpaka Kabambare, siku nzima, na hakuwa na dawa ya maumivu, maana dawa zilikuwa sandukuni na sanduku lilikuwa mtoni.

Mzungu wa afya wa wakati ule akaandika kwamba muuguzi alikwenda mbio akiwa amelewa. Feruzi hajaonja pombe maishani mwake. Wakamwondoa kwenye safari za vijijini, na baada ya kupona kidogo wakamweka kuosha chupa na kufagia. Mabaki ya pikipiki yaliletwa hapa kwa lori, na yule Mzungu akaja nayo. Alisimama pale ulipo ungo wa mama yako sasa.

"Ni wewe umefanya kazi hii?"

"Ndiyo, Bwana."

"Kazi ilikuwa nzuri?"

Mwamini, nilikuwa na nafasi. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nilifikiri habari ya kazi yangu, na ya gereza. Nilifikiri na jina langu pale sokoni, na hilo ndilo lilikuwa zito kuliko yote, ninaona haya kuliandika.

"Ilikuwa nzuri, Bwana," nikasema.

Akaandika, akaenda.

Nilikaa hivyo miezi miwili. Niliiweka ile pikipiki nyuma ya karakana nikaifunika kwa maturubai, na kila nilipokwenda kule kutafuta bati au bolti nilipita upande wa pili. Nilikuwa mkali nyumbani. Siku moja nilikupiga kofi kwa kumwaga mafuta ya taa. Lile kofi halikuwa lako. Umekwisha kusahau, mimi sijasahau.

Siku moja mchana mama yako alikuwa anamenya mihogo hapo uani, mimi nanoa kisu chake. Hakuinua macho.

"Baba Mwamini," akasema, "siku ile hukumpandisha mutoto."

"Bomba la moshi—"

"Bomba lilikuwa upande wa kulia. Yeye alisimama kushoto."

Akaendelea kumenya. Alimaliza muhogo ule, akachukua mwingine. Mimi nikanoa kisu mpaka kingeweza kunyoa. Halafu akasema, "Mume wa mwenzangu iko nafagia zahanati. Watoto wake wanaambiwa baba yao mulevi. Nimefikiri utaniambia wewe mwenyewe. Nimechoka kungoja."

Nikamwambia yote. Nilidhani atalia au atanitukana. Alinawa mikono, akaingia ndani, akatoka na mkate wa mchele umefungwa kwenye majani. Akautundika kwenye baiskeli yangu.

Nilipiga pedali siku mbili. Kabambare nilimkuta Feruzi nyuma ya zahanati, ameketi juu ya sanduku, mguu umenyooshwa mbele, anaosha chupa ndani ya beseni. Alifurahi kuniona. Hilo lilikuwa gumu kuliko kama angenifukuza. Aliita mkewe alete kiti. Nikasema sitaki kiti, nikamwambia nikiwa nimesimama: maji ya ndoo, mstari, tupa, rangi.

Aliacha kuosha. Chupa aliyokuwa nayo ikajaa maji ikazama.

"Ulijua?" akauliza.

"Nilijua."

"Wakati nakuombea dua, ulijua?"

"Ndiyo."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na kiti mkononi, hajui akiweke wapi.

"Mguu ni mguu tu, fundi," akasema mwishoni. "Mutu anaweza kuishi na mumoja na nusu. Lakini mwanangu wa kwanza ameacha kuniangalia usoni. Nenda umwambie Mzungu. Halafu urudi umwambie mwanangu. Ukimaliza hayo mawili, nitafikiri kama nina neno na wewe."

Nilikwenda kwa Mzungu siku ileile. Hakupiga kelele. Alikasirika zaidi kwa sababu ilimbidi afute alichokwisha kuandika. Nilipata siku kumi na tano za gereza, nikifyeka nyasi za barabara, barabara ileile ya Salamabila. Wewe uliambiwa Baba amekwenda Kabambare kwa Mjomba. Haukuwa uongo mtupu, maana Mjomba wako alikuwa anakuja kila mchana na chakula. Siku ya kwanza alinitazama nikila, nami nikangoja aniambie lile neno la jembe. Nilikuwa nimelistahili. Akasema tu, "Dada yangu anasalimia. Ukitoka, tukalete ile pikipiki."

Na mtoto wa Feruzi nilimwambia nikiwa na nguo za gereza, kando ya barabara. Alikuwa na miaka kumi na mbili. Alitupa jiwe mtoni, akakimbia kwenda kwao.

Sasa nikuambie jinsi ilivyotengenezwa mara ya pili, kwa sababu hiyo ndiyo pikipiki uliyoipanda, na kwa sababu mpaka leo nikiikumbuka nafurahi.

Tuliifanyia kazi kiwandani kwa Kitoko. Kile kipande kilichopasuka tulikitupa. Kitoko akafua kingine kwa chuma cha reli, siku tatu, mimi navuta mivukuto kama mwanafunzi. Hatukukichomelea. Tulikibana kwa bamba mbili na bolti sita, ili siku moja kikiwa na ufa uweze kuonekana na kufunguliwa. Kila kilichopita motoni kililala ndani ya majivu mpaka kesho yake. Nikagundua pia kosa jingine ambalo hakuna aliyeniambia. Bolti ya mkono niliiweka mbali mno na gia ndogo ya mbele, na kila gurudumu lilipopanda, cheni ilikaza, liliposhuka, ikalegea. Tukaisogeza karibu, na cheni ikatulia.

Kisha ule mruko. Kitoko alikata miduara ya ngozi ya nyati, ile ngumu ya shingoni, akaipaka mafuta ya mawese, akaipanga kati ya visahani vya chuma na kuvibana kwa bolti moja. Upande mmoja ukashikwa kwenye kadre, mwingine kwenye mkono. Springi zikitaka kuruka, ngozi inasuguana na chuma na kuzishika. Ukikaza bolti, zinatulia zaidi. Ukilegeza, zinacheza. Nilikaa nikakitazama kile kitu. Hakikuwamo kwenye picha yangu ya Ulaya.

"Umekitoa wapi?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nacho kichwani siku ile kwenu," akasema. "Hukuniuliza."

Tuliipakia gunia la chumvi, nikaipanda mashimoni siku tatu, jioni nafungua kila bolti na kutazama kila chuma kwenye jua. Siku ya nne Feruzi akaja na mkongojo wake. Alizunguka pikipiki mara mbili, akakandamiza nyuma kwa mkono, ikashuka, ikapanda, ikatulia.

"Ni nzuri?" akaniuliza.

Nikaona kwamba ni swali lilelile. Nikamwonyesha kila mahali ninapopaamini, na mahali pawili nisipopaamini sana, na jinsi ya kupatazama kila wiki.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Siku utakayompandisha binti yako, na mimi siku hiyo nitapanda."

Hayo mengine unayajua, lakini unayajua kwa upande wako. Unajua kwamba Baba alirudi kutoka kwa Mjomba akinguruma barabarani, Feruzi kwenye lori nyuma yake, na kwamba bila kunawa mikono nilikuita, nikakuketisha mbele yangu juu ya tanki lililotandikwa blanketi. Tulikwenda mpaka Nyangwe na kurudi. Ulishika usukani ukadhani unaendesha wewe. Kwenye mashimo ulikuwa unasema, "Tena." Ulinusa mto kabla ya kuuona, ukapiga kelele. Wavuvi walisimama mitumbwini kututazama. Mimi nyuma yako nilikuwa nalia, na upepo ulinisaidia, hukujua.

Tuliporudi, Feruzi alikuwa ameketi mlangoni kwetu na mama yako. Nilikushusha. Feruzi akakuuliza, "Ilikuchoma?" Ukasema hapana. Akasimama, akaniomba ufunguo.

Alirudishwa vijijini na akaendesha pikipiki ile miaka saba. Hatukuwa marafiki mara moja. Mwaka mzima alikuja karakanani, akasema haja yake, akaondoka. Halafu siku moja alikawia. Halafu akaanza kula kwetu. Sijui ni siku gani alinisamehe, na sikumuuliza. Mwanawe alichukua muda zaidi. Ndiye huyo anayenitumia salamu kutoka Kongolo sasa, lakini hakunipa mkono mpaka alipooa.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Feruzi nikamwambia nataka kukuandikia. Alifikiri, akasema, "Hiyo ni yako, fundi. Ukimwambia, mwambie pia mimi nilikuwa nakwenda mbio kidogo." Kwa hiyo nakuambia. Alikuwa anakwenda mbio kidogo.

Mama, mimi sijui kazi ya ukunga. Najua tu kwamba utakuwa na mikono ndani ya maisha ya watu kuliko mimi nilivyokuwa nayo ndani ya vyuma, na kwamba siku moja utaona kitu kidogo ambacho hakuna mwingine amekiona. Utakuwa umechoka, na mlangoni patakuwa na watu wanaokuamini na kukusifu. Utakuwa peke yako na kitu hicho. Siku hiyo ukisema, watakukasirikia. Mimi sitakukasirikia hata kama watakufukuza na ukarudi hapa na sanduku lako. Kitanda chako kitakuwa mahali pake. Wala hutanikuta nakuuliza kwa nini.

Na kama siku hiyo hutasema, maana hata watu wema hawasemi mara nyingine, basi sema kesho yake. Usifike miezi miwili kama mimi. Inakula ndani, na inawaangukia watoto wadogo waliomwaga mafuta ya taa.

Kuna lingine, dogo, na ni la kuomba radhi. Masera, wale watawa wa kike, walipokuja kusema umechaguliwa, nilikwambia msichana wa watu wa hapa mjini anakwenda kufanya nini Kindu. Nilisema kwa sauti, mbele ya wageni. Wewe ulikwenda kuosha vyombo. Nilisema vile kwa sababu niliogopa nyumba bila wewe, na hofu yangu nikaivalisha nguo ya heshima. Nilimsikia mama yako akikwambia uniache siku tatu nitapoa. Nilipoa siku ya pili, lakini niliona aibu nikangoja ya tatu.

Mjomba Kitoko amekuja jana na zawadi yako. Amekufulia kisu kidogo, anasema ni cha matunda, na amesema nikuambie kimelala ndani ya majivu usiku kucha.

Nasikia sauti ya mama yako mwisho wa barabara. Anacheka, basi mmeshiba. Nitaikunja barua hii na kuitia katikati ya kitabu chako cha shule, uipate ukiwa ndani ya treni, mbali na macho yangu, uweze kunikasirikia kwa nafasi.

Ukifika, andika. Anza na mama yako, yeye ndiye atakayengoja zaidi ingawa hatasema. Hajui kusoma, nitamsomea mimi, na wewe andika unachotaka. Ukiwa na neno zito kwangu, liandike humohumo. Nitamsomea yote kwa sauti, na nikifika kwenye neno hilo sitaliruka.

Baba yako,
Amisi